Rasimu ya mkataba wa hali bora ikitoka: rubani aisomeje kabla ya kupiga kura

Rasimu ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, ikishatupwa kwenye kundi la WhatsApp, haipiti saa moja kambi mbili zimeshajitenga. Hawa wanasema tupitishe, tumechoka kusubiri. Wale wanasema ni dharau, tukatae. Waulize wote wamesoma mpaka ukurasa wa ngapi, na utakuta wengi wameona namba moja tu: nyongeza ya mshahara kwa asilimia.

Mwongozo huu ni wa rubani anayetaka kujua anachokipigia kura. Nimewalenga hasa wanaoruka Dar es Salaam–Dodoma, kwa sababu njia hii ina tabia zake na rasimu nyingi huandikwa na watu wanaoitazama kutoka ofisini Dar. Fundi wa ndege au mhudumu wa ndani ya ndege naye anaweza kuutumia, abadilishe namba tu. Msimamo wangu nautoa mapema: usiilinganishe rasimu na mkataba unaouota. Ilinganishe na hali utakayokuwa nayo mwaka mmoja au miwili ijayo endapo itakataliwa. Kazi yote iliyo hapa chini ni ya kuzijua vizuri pande hizo mbili.

Hatua ya 1: Shika rasimu yenyewe, achana na slaidi

Kamati ya majadiliano hutoa muhtasari, na muhtasari huandikwa na watu waliokesha wakiutafuta huo mkataba. Si waongo, ila wana mapenzi nao. Omba karatasi tatu: rasimu nzima pamoja na viambatisho vyake, mkataba unaotumika sasa, na orodha ya madai ambayo chama kilipeleka mezani. Ziweke sambamba. Kifungu kilichokuwa kwenye mkataba wa sasa na hakimo kwenye rasimu kimeuzwa; muulize mwenyekiti wa tawi kiliuzwa kwa kitu gani.

Soma ukiwa na kalamu, uzungushie vitenzi. "Kampuni italipa" ni ahadi. "Kampuni inaweza kulipa" si ahadi. "Kampuni italipa kwa kadiri mahitaji ya uendeshaji yatakavyoruhusu" nayo si ahadi, ila imevishwa suti. Kama rasimu ipo kwa Kiingereza na Kiswahili, tafuta kifungu kinachosema lugha ipi itatumika mkibishana, kisha usome hiyo.

Kuna haki moja ambayo matawi mengi hayaitumii. Kifungu cha 70 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri akipe chama kinachotambuliwa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana. Mwajiri akisema "hatuna fedha", chama kina haki ya kuomba hesabu zinazoonyesha hivyo. Iulize kamati yako kama iliomba.

Hatua ya 2: Jua nani hasa anapitisha

Hii ni fupi. Sheria yetu inataka mkataba uwe wa maandishi na usainiwe na pande mbili. Suala la wanachama kupiga kura kwanza, kwa wingi upi na kwa siri au kwa mikono, lipo kwenye katiba ya chama chenu. Itafuteni kabla ya mkutano, si katikati ya ugomvi.

Kumbuka pia kwamba chama chenu kikiwa ndicho kinachotambuliwa kuwakilisha wengi, mkataba ukisainiwa unamfunga hata asiyekuwa mwanachama. Yule kapteni anayesema mambo ya chama hayamhusu, yanamhusu.

Hatua ya 3: Igeuze asilimia kuwa shilingi zinazofika mfukoni

Chukua hati yako ya mshahara. Tuseme, kwa mfano tu, mshahara wa msingi ni shilingi 5,000,000 na rasimu inatoa asilimia 10. Nyongeza ni 500,000. NSSF kwa mchango wa asilimia 10 inachukua 50,000. Zinabaki 450,000, na kwa kuwa umeshavuka shilingi 1,000,000 kwa mwezi, kila shilingi ya nyongeza hiyo inakatwa kodi ya asilimia 30, yaani 135,000. Ada ya chama ikiwa asilimia 2, toa 10,000. Mkononi unapata 305,000. Kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo, makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yanaondoka na 75,000 nyingine. Hizo angalau zinapunguza deni, lakini sokoni Majengo huendi nazo. Zimebaki 230,000.

Sasa uliza nyongeza inaingia wapi. Ikiingia kwenye mshahara wa msingi, inavuta vitu vingine: malipo ya muda wa ziada hukokotolewa kutoka kwenye msingi, na malipo ya kuachishwa kazi vilevile, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Ikiingia kama posho, inabaki peke yake, na posho ndiyo ya kwanza kufyekwa mambo yakibana. Bonasi ya kusaini ni tamu siku ya kuipokea, kisha mwezi wa pili mshahara unarudi palepale. Mimi ningechukua asilimia 7 kwenye msingi nikaacha 10 iliyogawanywa nusu msingi, nusu posho, na sioni cha kunibadilisha.

Kisha tarehe. Majadiliano yakichukua miezi 14 na nyongeza ikaanza siku ya kusaini, umefanya kazi miezi 14 kwa bei ya zamani. Kwa mfano wetu hiyo ni 305,000 mara 14, yaani shilingi 4,270,000. Malimbikizo yakiwemo, sawa. Yasipokuwemo, kamati iseme ilipata nini badala yake. Hapa ndipo asilimia kubwa mara nyingi hulipiwa na mwanachama mwenyewe bila kujua.

Miaka inayofuata iangalie pia. Mfumuko wa bei nchini umekuwa ukizunguka asilimia 3 miaka ya karibuni. Rasimu inayotoa 10 mwaka wa kwanza, kisha 2 na 2, inakurudisha nyuma pole pole baada ya shangwe ya mwanzo.

Hatua ya 4: Rosta, hapo ndipo mkataba ulipo

Kama una jioni moja tu ya kusoma, ruka hatua zote usome sura ya ratiba na saa.

Anza na saa za dhamana, zile unazolipwa hata usiporuka. Mfano wa kubuni: mkataba wa sasa unalipa 50,000 kwa saa na unadhamini saa 60 kwa mwezi. Rasimu inapandisha saa hadi 57,500, nyongeza ya asilimia 15, lakini dhamana inashuka hadi saa 50. Mwezi wa kazi nyingi unafurahi. Mwezi mkavu, ulikuwa unapata 3,000,000. Sasa unapata 2,875,000. Umepandishiwa asilimia 15 na umepoteza 125,000. Ili urudi ulipokuwa lazima uruke saa 52 na ushee.

Na miezi mikavu kwenye njia ya Dodoma si jambo la kufikirika. Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka mwisho wa Juni, ndege zinajaa wabunge, watendaji wa wizara na watu wa taasisi waliokuja kujibu hoja. Bunge likiahirishwa, viti vinaonekana. Tangu katikati ya mwaka 2024 kuna treni ya SGR inayomfikisha abiria Dodoma kutoka Dar chini ya saa nne. Kampuni ikipunguza safari moja ya mchana kwa sababu hiyo, dhamana ya saa ndiyo inayoamua nani anabeba hasara, wewe au yeye. Kwa rubani wa njia hii, dhamana ina uzito kuliko bei ya saa.

Pili, tofauti ya saa za kuruka na saa za zamu. Chukua safari ya kwanza ya asubuhi: unaripoti saa kumi na nusu alfajiri, unakwenda Dodoma, unageuza, unarudi, unamaliza makaratasi saa tatu na nusu. Zamu ni saa tano. Saa za kuruka, kuanzia ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama tena, ni kama mbili na kitu. Mkataba unaolipa saa za kuruka pekee unakulipa chini ya nusu ya asubuhi yako. Wenzetu wa njia ndefu hili haliwaumi sana. Njia fupi linauma kila siku. Tafuta kifungu kinachosema kila zamu itahesabiwa si chini ya saa kadhaa za malipo, hata nne. Kisipokuwepo, hilo ni swali la kwanza la mkutano.

Tatu, kusafirishwa kama abiria ili ukachukue ndege kwingine. Inahesabiwa kamili, nusu, au sifuri? Na siku ya kukaa nyumbani ukisubiri kuitwa: unatakiwa ufike uwanjani ndani ya dakika ngapi, na usipoitwa unalipwa nini? Ukiishi Kigamboni, dakika 60 ni kifungo cha nyumbani.

Nne, kulala Dodoma. Wakati wa Bunge hoteli nzuri zinajaa na bei zinapanda. Posho iliyoandikwa kwa shilingi, bila kifungu cha kuipitia kila mwaka, inazeeka haraka. Kama kampuni ndiyo inayotafuta hoteli, mkataba useme ya aina gani, na useme chumba kiwe kimya na chenye pazia zito, kwa sababu rubani wa zamu ya usiku hulala mchana na baa ya chini ya chumba haijui hilo. Angalia pia mapumziko yanaanza kuhesabiwa wapi. Uwanja wa zamani uko katikati ya mji. Ukishatoka getini ni dakika chache uko kitandani. Uwanja mpya wa Msalato uko nje ya mji, upande wa barabara ya Arusha. Kama mapumziko yanaanza ndege inaposimama, safari ya gari kutoka Msalato mpaka hotelini na kurudi inakatwa kwenye usingizi wako. Mkataba useme yanaanza ukifika hotelini.

Utasikia hoja kwamba haya yote yameshalindwa na kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kanuni zinaweka kikomo cha usalama, yaani pale ambapo ukizidisha unakuwa hatari kwa abiria. Kuna nafasi pana kati ya kutokuwa hatari na kuwa na maisha, na nafasi hiyo ndiyo mkataba unaigawa.

Hatua ya 5: Chambua zawadi zilizokuwa zako tayari

Rasimu nyingi hunenepeshwa na haki za kisheria. Likizo ya mwaka ya siku 28 ni sheria. Likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, ni sheria. Siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara, ni sheria. Muda wa ziada kwa mara moja na nusu ni sheria, na nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku pia. Usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Piga mstari juu ya vyote hivyo, kisha hesabu kilichobaki. Hicho ndicho mlichokipata mezani.

Hatua ya 6: Kurasa za nyuma

Muda wa mkataba ni bei. Kwa kifungu cha 76, mfanyakazi aliyefungwa na mkataba unaosimamia jambo fulani haruhusiwi kugomea jambo hilohilo. Ukisaini miaka minne umekubali kutulia miaka minne juu ya yote yaliyoandikwa humo. Inaweza kuwa sawa kabisa, ila ilipiwe. Tafuta kifungu kinachoruhusu kufungua upya suala la mshahara katikati, mathalani mfumuko wa bei ukivuka kiwango fulani.

Bondi ya mafunzo: ukipelekwa kusomea ndege mpya, unafungwa miaka mingapi, na deni linapungua kila mwezi au linabaki lilelile mpaka siku ya mwisho? Linalobaki lilelile ni mtego. Na cheti cha afya: rubani anaweza kuzuiwa kuruka kwa presha au kisukari akiwa na nguvu zake zote. Bima ya kupoteza leseni ipo? Inalipa kiasi gani, na nani anailipia? Vijana huruka ukurasa huu. Waulize waliofika hamsini.

Hatua ya 7: Andika kitakachotokea mkikataa

Hapa kambi ya "tukatae" inadaiwa jibu. Kuna njia mbili halali. Ya kwanza ni kurudi mezani, kama mwajiri atakubali kurudi. Ya pili ni kupeleka mgogoro wa maslahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Usuluhishi una siku 30, isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Ukishindikana, chama kinapiga kura ya mgomo kwa mujibu wa katiba yake, kisha kinampa mwajiri taarifa ya saa 48. Marubani hawamo kwenye orodha ya huduma muhimu ya kifungu cha 77. Waongoza ndege na watu wa mawasiliano ya usafiri wa anga wamo, kwa hiyo usihesabu mnara utawaunga mkono. Mgomo halali unakulinda usifukuzwe kwa sababu yake, lakini mwajiri halazimiki kukulipa kwa siku ambazo hukufanya kazi. Kama mwajiri wenu ni taasisi ya umma, chama kieleze taratibu za ziada kabla mtu hajataja neno mgomo.

Majirani zetu walionja mwaka 2022. Marubani wa Kenya Airways waligoma kuanzia tarehe 5 Novemba, suala kubwa likiwa michango ya mfuko wao wa akiba iliyosimamishwa. Siku chache baadaye mahakama ikawaamuru warudi kazini. Kabla hujapiga kura ya hapana, jiulize kama una akiba ya miezi miwili na kama chama kina wakili.

Kwa Marekani kuna kura mbili za hapana ambazo kila rubani anapaswa kuzijua. Novemba 2022, asilimia 94 ya marubani wa shirika la ndege la United waliopiga kura walikataa rasimu yao. Muda mfupi baadaye wenzao wa Delta wakapata rasimu yenye nyongeza ya asilimia 34 kufikia 2026, wakaipitisha Machi 2023 kwa asilimia 78. Abiria walikuwa wamerudi kwa kishindo baada ya korona, marubani walikuwa adimu, na United ililazimika kupanda. Septemba 2023 marubani wa United wakapitisha mkataba mnono zaidi kwa asilimia 82.

Julai 2023, marubani wa FedEx, kampuni ya kusafirisha mizigo, nao walikataa, kwa asilimia 57. Walikuwa na hoja. Lakini biashara ya mizigo ilikuwa imeanza kushuka, na mwajiri hakuwa na haraka. Sheria yao ya reli na ndege, ya 1926, haimalizi mkataba kwa tarehe: wa zamani unaendelea kutumika mpaka upatikane mpya, na mgomo hauwezekani mpaka bodi ya taifa ya usuluhishi iwaachie. Miaka miwili baadaye walikuwa bado kwenye usuluhishi, wakilipwa kwa mkataba wa zamani.

Kura ni ileile, matokeo mbalimbali. Kwa hiyo usiulize kama rasimu ni mbaya. Uliza mwajiri anawahitaji kiasi gani miezi 12 ijayo. Je, ana ndege mpya zinazokuja bila marubani wa kuzirusha? Wangapi wameondoka kwenda Ghuba mwaka huu? Kampuni jirani zinalipa nini? Au ndege mbili zimeegeshwa zikingoja injini na rosta imeshapungua? Halafu kuna asilimia zenyewe: hapana ya 94 inamtisha mwajiri, hapana ya 57 inamwambia asubiri mchoke.

Hatua ya 8: Mkutano na kura

Peleka maswali yako kwa maandishi siku mbili kabla, na yasizidi matano. Kamati ikijibu "hilo tutalishughulikia kwenye utekelezaji", omba liandikwe kama barua ya pande mbili itakayosainiwa pamoja na mkataba. Ahadi ya mdomo ya meneja huhama naye.

Msiwatukane wajumbe wa kamati. Mkikataa rasimu, haohao au wenzao watarudi mezani, na mwajiri atakuwa ameshasikia mlivyowaita.

Simamia pia namna ya kupiga kura. Kura ya siku moja ofisini Dar inawaacha nje waliolala Dodoma, Mwanza na Songwe, na kwa marubani hao si wachache. Dai siku kadhaa, au njia ya simu yenye siri. Matokeo yatangazwe kwa idadi: waliostahili, waliopiga, ndiyo, hapana, zilizoharibika.

Ikipita

Omba nakala iliyosainiwa. Nakala nyingine inatakiwa iwasilishwe kwa Kamishna wa Kazi. Muulize katibu wa tawi ilipelekwa tarehe ngapi. Kisha ngoja hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza, uikague mstari kwa mstari ukiwa na hesabu zako za hatua ya 3 na ya 4. Rosta nayo iweke, usiifute kwenye simu, kwa sababu mkibishana kuhusu saa za zamu hiyo ndiyo ushahidi wako. Zikipishana, mwandikie katibu barua mwezi huohuo. Mgogoro wa tafsiri au utekelezaji wa mkataba nao unaanzia CMA kwa usuluhishi, na ukishindikana unakwenda Mahakama ya Kazi.